Wapakuzi wa Ijumaa

Mtu akikataa pilau yangu namuuliza mambo mawili tu: unaumwa, au umegombana na Mungu wako? La tatu sina. Pilau ya Shekha imeliwa Malindi yote, imeliwa Mambrui, imeliwa mpaka Marafa kwenye harusi tuliyoiendea na masufuria juu ya lori, na watu wakala hata mwenye shughuli akakosa chake. Simsifu mtu, najisifu mwenyewe, na anayebisha aje na sahani.

Sasa siku ya hitma ya marehemu Mzee Msellem, hapa hapa mtaani kwetu Barani, narudishiwa sinia zima halijaguswa. Mchele uko vile vile nilivyoupakua, nyama juu, ndizi pembeni.

"Bi Shekha, wale vijana wa pale pembeni wamesema hawali," akaniambia aliyelirudisha.

"Vijana gani?"

"Mahir na wenzake."

Mahir! Mtoto wa dada yangu Mwanamina, Mungu amrehemu. Nilimchukua ana miaka minne, kamasi tele, na aliyemtia tonge la kwanza la pilau kinywani ni mimi. Nikajifunga kanga kiunoni, nikatoka jikoni, nikaenda mpaka kwenye majamvi ya wanaume. Wageni walishangaa. Wanaonijua walisogeza miguu tu nipite.

"Mahir, unaumwa?"

"Siumwi, mama."

"Umegombana na Mungu?"

Akainama. "Hitma ni uzushi, mama. Haina asili katika dini. Chakula chake sisi hatuli."

Ebo! Kijana wa miaka ishirini na mbili, ambaye mpaka juzi namvuta shuka aamke akasali alfajiri, leo ananifundisha mimi asili ya dini! Nilikuwa na jibu lake, tena la moto. Lakini nikaona kitu. Kabla hajamaliza kusema alimtupia jicho mtu aliyekaa naye, kama mwanafunzi anayetaka kujua amepata au amekosa.

Mtu huyo akiitwa Faris. Alikuja Barani miezi saba nyuma, akapanga chumba, akawa anauza asali na mafuta ya uturi. Mpole, sauti ya chini, kila mkubwa anampa shikamoo. Hata mimi nilinunua asali yake, na ilikuwa asali nzuri, sitamdhulumu kwa hilo.

Nikarudi jikoni nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nikaanza kufikiri. Sisi huku tunakula kwenye sinia, watu watano, hata saba, wanalizunguka, na desturi ni kukaa na yeyote mliyekutana. Leo unakula na wakili, kesho na mchukuzi. Na mpishi anajua kila sinia limekaliwa na nani, kwa sababu lazima ujue wapi nyama imepungua. Basi nikakumbuka. Harusi ya mwezi wa tatu: Mahir, rafiki yake Zayd, mapacha wa nyumba ya nyuma na yule kijana muuza kahawa, sinia moja na Faris. Akika ya mwezi wa nne: hao hao. Futari ya msikitini: hao hao, na mzee mmoja alipotaka kukaa nao akaambiwa limejaa, na halikujaa. Sasa wamefika kwenye kutokula na watu kabisa. Nikainuka mbio! Maana kazi ile naijua. Nimeifanya mwenyewe.

Msinikodolee macho. Sikuunda jeshi, niliunda kikundi cha vugo. Zile pembe za nyati tunazozipiga kwa vijiti sisi wanawake njiani, siku ya kupeleka begi la nguo kwa bibi harusi, huku tunaimba, ndizo vugo. Zamani nilikuwa katika kikundi cha Ruwaida wa mtaa wa Shela hapa mjini, Nuru ya Shela. Siku moja Ruwaida akaniambia mbele ya kadamnasi kwamba sauti yangu inafaa kufukuzia kunguru. Nikatoka. Nikatafuta wanawake wanne, na sikutafuta waimbaji hodari, la hasha! Nilitafuta waliovunjika moyo. Mmoja Ruwaida alimsahau kumwalika, mmoja ameachwa na mume, mmoja mgeni mjini hana jamaa, na wa nne amechoka tu kukaa ndani. Nikawalisha. Nikawaita dada. Nikawavisha kanga ya sare, nikakipa kikundi jina, Nia Moja, na kila mtu nikampa cheo. Walipokolea nikawaambia shughuli za Nuru ya Shela wasiende, wasile huko, wasicheke nao.

Mwaka mzima tulikuwa watano. Tungekufa kifo chetu wenyewe, maana pembe zilikuwa mbili na ugomvi ulikuwa kila siku. Aliyetuokoa ni Ruwaida. Alituzuia mlangoni kwenye harusi moja, akawaita watu watusukume nje, mwenzetu mmoja akaanguka akavunjika jino. Wiki ile ile nikapata wanawake thelathini. Mwaka wa tatu tukawa tisini, nusu yao siwajui majina, na wengine wanafanya visa mtaa wa pili kwa jina langu, visa ambavyo sikuvituma. Ndivyo kitu kidogo kinavyokua. Unaanza na haba yako, na adui anakujazia kibaba.

Basi Faris alikuwa anafanya kazi yangu, ila mwisho wa kazi yake si kucheza harusini.

Na kidonda alichokiwekea mkono kwa Mahir nakijua. Kitambulisho. Ameomba mara tatu, kila mara anaambiwa alete cheti cha kuzaliwa cha babu yake, na babu kazaliwa Mambrui ofisi yenyewe haijawekwa tofali. Bila kitambulisho hakuna kazi, hakuna kusafiri kwa amani. Mwaka jana alisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi barabarani, akaulizwa, akajibu kwa ukali kidogo, akazabwa kibao mbele ya abiria wote. Aliporudi nyumbani nikamwambia, "Mwanamume hanuni kwa kibao kimoja." Faris, nadhani, alimwambia pole. Mimi mama yake sikumwambia pole.

Mtaniuliza mbona sikwenda kuripoti. Bi Amal wa mtaa wa pili, miaka ya nyuma, mwanawe alishukiwa kusikiliza maneno ya watu kama Faris. Likaja gari lisilo na namba mchana kweupe, likamchukua, na mpaka leo mama yule anampakulia sahani yake. Kabla ya siku ile vijana waliokuwa wanasikiliza walikuwa watatu. Mwezi uliofuata walikuwa kumi na mmoja, na wawili kati yao ni ndugu za yule yule aliyechukuliwa. Walivuka mpaka kwenda vitani. Nikisikia mtu anauliza vile vikundi vya watu sita vimepata wapi watu elfu, nataka kumpeleka kwa Bi Amal akae naye nusu saa.

Basi nikanyamaza, nikawa naangalia. Wiki mbili.

Jumatatu moja, saa nne ya asubuhi, nasugua masufuria uani, Mahir akaja akachutama mbele yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimepata kazi, mama. Hotelini, upande wa Lamu. Ijumaa baada ya sala naondoka. Nimekuja kutaka radhi yako."

Nikafurahi, nusu dakika hivi. Halafu akaongeza, anaangalia chini: "Na unihalalie chakula chako chote nilichokula. Na usingizi niliokukosesha."

Jamani! Mtu anayekwenda kazini huomba radhi na dua, kisha huuliza kama kuna maandazi ya njiani. Anayeomba ahalalishiwe tonge alilokula utotoni ni anayekwenda Hija, au anayekwenda asikotarajia kurudi. Na Lamu si Maka.

Sikulia. Wanaonijua wajue hilo lilinigharimu. Niliendelea kusugua sufuria lile lile mpaka nikajiona usoni, na kichwani nimeshika jambo moja tu. Wale ndugu wawili wa mtaa wa pili hawakumwaga mama yao. Aliamka akakuta magodoro matupu. Lazima na huyu aliambiwa asiage. Lakini amekuja. Aliyekuja kutaka radhi hajatoka nyumbani kwa miguu yote miwili.

"Radhi yangu sikupi bure," nikamwambia. "Utaifanyia kazi. Ijumaa nina walima wa watu mia sita. Mnipakulie, wewe na wenzako wanne. Mgeni wa mwisho akishakula, nitakupa radhi na kila tonge nitakuhalalia. Ukiondoka kabla, umeondoka huna radhi yangu."

Akanitazama. "Harusi ya nani?"

"Ya mjukuu wa Ruwaida."

"Mama! Wewe na Bi Ruwaida mna miaka kumi na miwili hamsemezani!"

"Ndiyo utajua nina kazi."

Kazi gani! Ruwaida alikuwa amemwita mpishi kutoka Mombasa, kwa kunikomoa tu. Uwongo ulinitoka wenyewe, na ukishatoka hauna pa kurudia.

Lakini upakuzi sikuutaja ovyo. Kwetu, wapakuzi ni wale vijana wanaofunga vikoi, wanabeba masinia begani na kuwahudumia watu kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Si utumishi, ni heshima. Kijana akichaguliwa kupakua, mji umemwona. Wazee wanamwita kwa jina, akina mama wanaulizana huyu wa nani, masha'Allah. Wapakuzi wanakula mwisho, na hawaondoki mpaka mgeni wa mwisho ameinuka. Na anayewachagua ni mpishi.

Ni mimi. Miaka ishirini nachagua mimi, na miaka ishirini nimechukua watoto wa nyumba zenye majina, wa Shela, wa wenye maduka, kwa sababu ndivyo wenye shughuli wanavyopenda. Hawa wa Barani wanaoshinda kwenye jiwe la kona sikuwagusa. Hata Mahir wangu nilisema bado, nitamchukua akishapata kazi. Akaja muuza asali akamwona kabla yangu. Linaniuma mpaka leo, na nalisema makusudi ili liendelee kuniuma.

Jumanne nikavaa buibui langu zuri nikaenda Shela. Nilimkuta Ruwaida kibarazani na kahawa yake. Nikampa shikamoo, na sisi tumezaliwa mwaka mmoja. Akaipokea!

"Marahaba, Shekha. Umepotea njia?"

"Sikupotea. Nimekuja kukuomba."

Akaweka kikombe chini, akajiweka sawa kitini kwa raha zake zote, kama mtu aliyeletewa halua. Alikuwa ameisubiri siku ile miaka kumi na miwili, na mimi nikamwacha aionje. Kisha nikamwambia yote. Sinia, Faris, kibao, radhi. Sikumficha hata lile la mimi kutowachagua. Uso wake ukawa unabadilika kidogo kidogo.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Mimi na wewe."

"Basi iishie hapa. Ukimwambia mwingine, kesho watakuwa wameshakuja na gari." Nikaona machozi, wallahi, machozi ya Ruwaida. Akayafuta kwa ncha ya mtandio. "Mpishi wa Mombasa nitampa vitunguu akate. Jiko lako. Vijana wako."

"Mungu akulipe, Ruwaida."

"Ngoja, sijamaliza." Huyo ndiye Ruwaida ninayemjua. "Alhamisi tunapeleka begi. Utavaa kanga ya Nuru ya Shela. Utatembea nyuma yangu. Na utaimba chini chini."

Mtu asinicheke. Alhamisi alasiri nilivaa kanga ya watu niliowatukana kwa mashairi miaka kumi na miwili, nikapita njia kuu nyuma ya mgongo wa Ruwaida, na mgongo wenyewe ni mpana. Kufika sokoni, wanawake wangu wa Nia Moja wamejipanga kando ya njia, midomo wazi. Mmoja akashika kichwa. "Bi Shekha! Umerogwa?" Nikamwambia, "Nimealikwa. Ingia na wewe." Akasitasita, akaingia. Akaingia na wa pili. Mara msafara umejaa njia, pembe arobaini zinalia pamoja, bodaboda zimezimwa, wenye maduka wametoka nje wanapiga makofi, na Ruwaida anageuka nyuma kila hatua tatu kuona kama ni kweli. Nilifurahi mpaka nikasahau kuimba chini chini. Hakunikataza.

Ijumaa alfajiri sikuwa na raha hata chembe. Masha, mzee mwenzangu wa Ganda anayeniletea kuni miaka yote, alikuwa ameshashusha mzigo, moto umeshika chini ya masufuria saba, na vijana wangu hawaonekani. Jua likachomoza. Nikasema basi, wameshakwenda.

Mara Mahir huyo anapinda kona. Nyuma yake mapacha. Nyuma yao muuza kahawa.

"Wanne," nikasema. "Zayd yuko wapi?"

Mahir akafunga kikoi bila kuniangalia. "Ustadhi Faris amemkataza. Na sisi ametukataza." Akakaza fundo. "Nikamwambia sisafiri bila radhi ya mama. Saa nane na nusu atatupitia hapa."

Saa nane na nusu! Wakati wageni wako katikati ya kula! Nikamwomba Mungu, kisha nikawapa kazi, maana dua na vitunguu havigombani.

Wallahi sijawahi kupika siku tamu kama ile. Masha aliwachukua mapacha mikononi mwake. "Ninyi ni wapakuzi au wachumba? Shika gogo hilo! Kwetu Ganda bibi mjamzito anabeba mawili!" Na mapacha wanacheka, jasho linawatoka. Muuza kahawa akagundua anajua kupima chumvi kwa kunusa mvuke tu, na mpishi wa Mombasa, machozi ya vitunguu yanamtiririka, akamwambia, "Kijana, wewe nitakuiba." Mahir nilimpa mwiko mkubwa, ule ninaoushika mimi tu. Nilimwonyesha mara moja namna ya kugeuza mchele wa chini bila kuuvunja. Akageuza. Akageuza tena. Akanitazama akitabasamu meno yote, meno ya Mwanamina, na nilikuwa sijayaona tangu kile kibao.

Baada ya sala ya Ijumaa na nikaha, watu wakamiminika. Masinia mia na ishirini! Na wapakuzi wangu wanne wakaingia kazini kama waliozaliwa na masinia begani. "Mpakuzi! Huku!" "Mahir, mwanangu, hapa hakuna pilipili!" "Huyu nani, mbona hodari hivi? Wa Barani? Alikuwa wapi siku zote?" Sharifu mmoja mzee alimshika Mahir mkono, akamwombea dua pale pale, mkono mmoja umejaa mchele. Wakawa wanapishana, wanataniana, wanashindana nani ana mbio zaidi. Nikasema moyoni, haya, Faris, nami ninavyo vyeo vya kugawa.

Saa nane na nusu kamili gari jeupe likasimama mlangoni.

Faris akashuka. Nyuma, kwenye kiti, nikamwona Zayd amekaa peke yake na begi mapajani. Masufuria yangu yalikuwa hapo hapo karibu na mlango, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Mahir," akaita kwa sauti yake ile ya chini. "Waite wenzako. Muda umefika."

Mahir alikuwa na sinia begani, la kwenda jamvi la mwisho. Akasimama. Nikashika ukingo wa sufuria likaniunguza na sikuuachia. Akili ikaniambia, Shekha, piga kelele, mwite mtu! Nikakumbuka jino la mwenzetu. Nikajiziba mdomo kwa mkono ule ule ulioungua.

Mahir akamwendea, akamshushia sinia mbele ya kifua.

"Karibu, ustadhi."

"Weka chini hilo. Gari linangoja."

"Mpakuzi haondoki mpaka mgeni wa mwisho amekula," Mahir akasema, kwa adabu kamili. "Nimemwahidi mama. Na mgeni wa mwisho kufika ni wewe. Kula, ustadhi, ili niweze kuondoka."

Mpaka leo sijui kama aliliwaza usiku kucha au lilimjia pale pale. Nimemuuliza, anacheka tu. Faris alimtazama yeye, akalitazama sinia. Chakula cha vugo na nyimbo, alichokwisha kuwafundisha kwamba hakiliki! Akila, amekula maneno yake mbele yao. Asipokula, mpakuzi yuko kazini.

"Unajua msimamo wetu juu ya chakula hiki," akasema.

"Najua. Basi nitakungoja."

Hapo mzee mmoja wa jamvi la karibu akageuka. Hajui lolote maskini, ameona mgeni tu. "Ala! Mtu amesimama mlangoni? Mkaribisheni jamani!" Watu thelathini wakaitikia kwa pamoja, "Karibu! Karibu bwana! Sogeeni, mpeni nafasi!" Wengine wakainuka wamshike mkono. Hakuna aliyemsukuma, hakuna aliyemtukana. Kila mtu anacheka, anampungia, anamwita ndugu. Faris akarudi nyuma hatua moja, ya pili, akaingia garini akafunga mlango. Nafikiri angependelea tumpige mawe.

Nieleze na hili kabisa, nisije nikalisahau kwa furaha. Faris hakurudi Barani kuchukua hata asali yake. Wazee wa msikiti walikaa, wakaandika jina lake na mambo yake, wakayafikisha panapostahili wao wenyewe, kwa sharti kwamba vijana wetu wasiguswe, na hawakuguswa. Kitambulisho Mahir bado hajapata. Sasa nakwenda naye mimi kila mwezi, na karani akiniona anatafuta mlango wa nyuma.

Lakini siku ile gari lilikuwa bado limesimama na Zayd yumo ndani. Dereva akawasha. Mahir akatembea polepole, akaliweka sinia juu ya boneti, pilau inafuka moshi mbele ya kioo. Gari litakwendaje? Akazunguka akafungua mlango wa nyuma. Mapacha wameshafika. Muuza kahawa ameshafika.

"Zayd, shuka," Mahir akasema. "Masinia mia na ishirini. Unataka tuoshe sisi wanne?"

Zayd akainua kichwa. Alimwangalia Faris kisogoni, na Faris hakugeuka. Akawaangalia wenzake, vikoi vimelowa mchuzi, wanahema, wanamtazama. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na tisa, begi amelikumbatia.

"Ustadhi," akasema, "nawasaidia kuosha kwanza."

Akashuka na begi lake.

Mahir akaliondoa sinia kwenye boneti, kwa heshima, kama anavyofanya kwa mgeni aliyeshiba. Gari likaondoka. Na mimi, Shekha, mwanamke mzima, kanga ya Nuru ya Shela mabegani, mkono umevimba, nikapiga kigelegele kilichowafanya wanaume wote mia tatu waache tonge hewani.

Ruwaida akatoka mbio upande wa wanawake. "Shekha! Kigelegele cha nini saa hizi? Bibi harusi hata hajamaliza kupambwa!"

Nikanyoosha kidole tu. Pale katikati ya njia Mahir alikuwa amepiga goti, anamfunga Zayd kikoi, na mapacha na muuza kahawa wanagombana fundo liwe kulia au kushoto.

Ruwaida akawahesabu kwa midomo, kimya kimya, mmoja mmoja, mpaka tano. Kisha akatupa kichwa nyuma, akapiga chake.